Jani Lililobabuliwa

Nyumbani kwetu katika milima ya Taita kulikuwa na kijito kilichopita chini ya shamba la nyanya yangu. Kando ya kijito hicho yaliota majimbi, ambayo wengine huyaita nduma, na juu yake kidogo ilisimama migomba. Mtu aliyekulia mahali kama hapo hujua mambo mawili kabla hajatia mguu shuleni. La kwanza ni kwamba jani la jimbi halilowi. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika katikati ya jani yakawa tone moja kubwa ling'aalo kama fedha. Upepo ukivuma, tone hutangatanga huku na huko, kisha huanguka chini pasipo kuacha unyevu nyuma yake. La pili ni kwamba jani bichi la mgomba hupasuka likikunjwa, lakini likipitishwa juu ya moto huwa laini mfano wa kitambaa. Mtoto hujua mambo hayo, wala hayamstaajabishi. Mimi yalinistaajabisha siku yaliponiaibisha.

Ilikuwa mwaka 1983, nami nilikuwa katika kidato cha pili. Shule yangu ilikuwa ya bweni, nayo ilikuwa tambarare, mbali na kijito chetu. Mwalimu wetu wa sayansi alitangaza kwamba kutakuwa na maonyesho, na kila mwanafunzi aliyetaka aliruhusiwa kuleta jambo moja la asili na kulieleza mbele ya wageni. Wenzangu walishika mambo makubwa: mmoja alitengeneza kengele ya umeme, mwingine alifuga viluwiluwi katika chupa. Mimi nilichagua jani la jimbi. Nilikwisha kusikia kwamba majani ya namna hiyo yana nta juu yake, na kwamba nta na maji havipatani. Nikaona jambo hilo ni rahisi, lina uzuri wa kutazamwa, na halihitaji fedha.

Shida yangu ilikuwa moja tu. Majani niliyaleta siku ya Jumapili, na maonyesho yalikuwa Jumatano. Kufikia Jumatatu jioni yalikuwa yameanza kunyauka na kujikunja pembeni. Niliona haya kuweka mbele ya wageni majani yaliyosinyaa kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Basi nikaazima pasi ya makaa ya bweni, nikalaza kila jani baina ya karatasi mbili za daftari, nikapiga pasi kama apigaye shati la Jumapili. Majani yakatoka yamenyooka na kung'aa. Yaling'aa kuliko yalivyokuwa shambani, na hilo peke yake lingalitosha kunionya, lakini sikuonyeka. Nilijiona fundi.

Siku ilipowadia nilisimama mbele ya meza yangu, nikatangaza kwa sauti ya kujiamini kwamba mbele yao palikuwa na jani lisiloweza kulowa hata likinyeshewa usiku kucha. Nikachota maji kwa kijiko nikayamimina. Tone halikuzunguka. Lilijinyosha likawa bapa, likakaa hapo hapo lilipoanguka. Niliinamisha jani, tone likashikilia. Nikaligeuza jani juu chini, na tone likaning'inia kama popo. Nikajaribu jani la pili, na la tatu, yote yakawa mamoja. Mgeni mmoja, mzee mwenye upole, aliniambia, "Kijana, hili jani lako limelowa." Wanafunzi walicheka kicheko ambacho nilikisikia mpaka mwisho wa muhula.

Mwalimu hakunikaripia. Alinijia watu walipokwisha ondoka, akauliza, "Pasi yako imeondoa nini?"

Nikajibu, "Imeunguza nta, Mwalimu."

"Ulinusa moshi?"

"La, Mwalimu."

"Basi haikuungua. Nenda ukafikiri tena."

Nilifikiri siku nyingi, na jawabu nililolipata lilinipendeza sana. Niliyakumbuka makaratasi ya daftari. Bila shaka pasi iliyeyusha nta, na karatasi zikainywa kama utambi unywavyo mafuta. Kwa hiyo jani lilibaki uchi. Nilizitafuta karatasi hizo nikazitazama kwenye mwanga, na nikajiaminisha kwamba naona alama za mafuta. Mtu akitaka kuona kitu hukiona. Nilimpelekea mwalimu maelezo yangu naye akasema kwamba huenda ni kweli, lakini nitafute njia ya kutumia moto pasipo karatasi. Nikaingia likizo na swali hilo mfukoni.

Siku ya pili baada ya kufika nyumbani nilimkuta nyanya jikoni akibabua majani ya mgomba ili afunikie chungu cha kimanga. Kazi hiyo alikuwa ameifanya mbele ya macho yangu tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alilishika jani kwa ncha zote mbili, akalipitisha juu ya makaa polepole, na popote joto lilipofika rangi iligeuka mara moja. Upande wa chini wa jani la mgomba una weupe kama wa unga au vumbi. Weupe huo ulitoweka mbele ya joto kama kivuli kinavyokimbia jua, na nyuma yake ukabaki ukijani mzito wenye kung'aa. Ndipo nilipoukumbuka mng'ao wa majani yangu niliyoyapiga pasi.

Nikamwuliza, "Nyanya, ule unga mweupe umekwenda wapi? Moto umeula?"

Akacheka. "Moto ukila kitu huacha majivu, mjukuu wangu. Unaona majivu hapa? Pitisha kidole."

Nilipitisha kidole kwenye sehemu ambayo haijababuliwa, kikatoka na unga mweupe mwembamba sana. Nikapitisha kwenye sehemu iliyobabuliwa, na kidole kikatoka kitupu.

"Haukwenda popote," nyanya akasema. "Umelala."

Nilichukulia kuwa ni maneno ya mzee anayependa kuzungumza kwa mafumbo. Hata hivyo nilikwenda kijitoni nikakata jani la jimbi, nikalirudisha jikoni, nikalipitisha juu ya makaa nusu yake tu, kwa haraka, mbali na ndimi za moto. Karatasi haikuwako, wala pasi ya kuliponda. Nikalimwagia maji upande ulio mzima. Tone likakimbia juu ya jani kwa wepesi wake wa siku zote mpaka lilipofika pale palipopitiwa na joto, likasimama ghafla kama ng'ombe aliyefikia mwisho wa kamba. Nililirudisha, likakimbia tena, likasimama mahali pale pale. Maelezo yangu ya karatasi yakafa siku hiyo, nami nisingeweza kuyalilia, maana sikuwa na mengine ya kuyarithi isipokuwa lile neno la nyanya.

Miaka mingi ilipita. Nilikwisha kuwa mwalimu mwenyewe nilipofungua kitabu kimoja nikaona picha ya ngozi ya jani iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni. Lilikuwa jani la lotasi, ua la majini la Asia linalofanana na yungiyungi, ambalo hukataa maji kama jimbi letu. Ngozi yake haikuwa laini hata kidogo. Ilijaa vinundu, na juu ya kila kinundu ilisimama mirija ya nta, myembamba kupita kiasi, upana wa kila mmoja ukiwa kama sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 10,000. Mirija hiyo ilisongamana kama nyasi. Nilizoea kufikiri kwamba nta ya jani imepakwa kama rangi ipakwavyo ukutani. Kumbe imesimama kama shamba.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya tone. Weka ubao juu ya shamba la mabua ya mahindi yaliyosimama: ubao utagusa ncha za mabua tu, na chini yake patabaki hewa. Tone la maji nalo huketi hivyo juu ya ncha za nta, sehemu kubwa ya kitako chake ikiwa juu ya hewa, na hewa haina mkono wa kulishika. Wataalamu wawili wa Uingereza, Cassie na Baxter, walikwisha kupiga hesabu za jambo hilo mwaka 1944 walipochunguza vitu vyenye matundu na nyuzi nyuzi, na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott, ndiye aliyeonyesha kwa uchunguzi wa miaka mingi kwamba majani ya namna hii hujisafisha kwa sababu ya umbo la ngozi yake: tone linapobingirika hubeba vumbi na kwenda nalo. Nta peke yake, ikiwa imetandazwa laini, huyachukia maji kwa kiasi tu. Tone juu yake huinuka, lakini hushika mahali pake.

Tena mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Yang-Tse Cheng walichapisha habari ya jaribio ambalo, niliposoma, lilinifanya nifunge kitabu kwa muda. Walichukua jani la lotasi wakalitia katika joto la nyuzi 150 za Selisiasi. Vinundu vilibaki. Nta yenyewe ilibaki vile vile ilivyokuwa kwa asili yake, au karibu na hivyo. Kilichotoweka ni ile mirija iliyosimama: iliyeyuka ikawa utando laini juu ya vinundu, na jani likapoteza sehemu ya uwezo wake wa kufukuza maji. Nta ilikuwa imelala.

Nyanya yangu alifariki kabla sijaona picha ile. Sikupata kumwambia.

Huenda msomaji akauliza, ni nani aliyeisimamisha nta hapo mwanzo? Jani halina vidole vya kusimamisha mirija mmoja mmoja. Jawabu ni kwamba nta hujisimamisha yenyewe. Chembe za jani huitengeneza ndani, nayo hupenya nje kupitia kwenye ngozi, molekuli baada ya molekuli. Na kila molekuli ifikapo juu hujipanga kando ya mwenzake kwa kufuata umbo lake na mvuto wake tu, bila ya msimamizi. Kwamba hakuna msimamizi ilithibitishwa kwa njia nyepesi. Jeffree, Baker na Holloway walieleza mwaka 1975 jinsi nta za mimea zilivyoyeyushwa katika dawa, zikaachwa mpaka dawa ikauke, na maumbo yale yale ya mirija na vibamba yakaota tena, ijapokuwa hapakuwa na mmea wala uhai wowote uliohusika. Ukiitazama nta kwa namna hii, huioni tena kama kitu kinachopakwa. Ni umati wa watu unaojua kupanga foleni wenyewe.

Sasa joto ni nini kwa umati huo? Joto ni mtikisiko. Kila molekuli ya kitu chochote hutikisika, na kadiri kitu kinavyopata moto ndivyo mtikisiko unavyozidi. Katika ubaridi wa asubuhi molekuli za nta hutikisika mahali pake, kila moja ikishikwa na jirani zake. Joto likizidi mno, mikono ya ujirani haitoshi kushika. Foleni huvunjika, na kilichosimama hutiririka. Joto linapoondoka, molekuli huganda zilipo, zimelala pamoja katika utando mmoja. Haziwezi kurudi katika mirija kwa sababu zile mirija zilijengwa kwa molekuli zilizofika kidogo kidogo, kila moja ikipata nafasi ya kuchagua mahali pake. Kuyeyuka na kuganda kwa haraka hakutoi nafasi hiyo. Ndiyo maana jani lililobabuliwa halijirudii linapopoa, hata ukilingoja mpaka kesho.

Lakini nisimsingizie moto. Ningekuwa mwongo nikisema kwamba joto kazi yake ni kubomoa tu, na hapa sina budi kuwatoa wasomaji shambani kwa muda. Mwaka ule ule wa 1983, nilipokuwa nikichekwa mbele ya meza yangu, Ralph Nuzzo na David Allara wa Bell Laboratories, Marekani, walichapisha jinsi molekuli ndefu zenye salfa katika ncha yake zinavyoweza kujipanga juu ya dhahabu. Salfa hushika dhahabu, na mikia ya molekuli husimama pamoja ikiinama upande mmoja kama mtama katika upepo. Utando unaotokea una unene wa molekuli moja, yaani kama sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 500,000. Tangu siku hizo tando za namna hiyo zimechunguzwa katika maabara nyingi, na mojawapo ya maswali yanayorudi kila mara ni hili: joto huzifanyaje?

Jawabu linafanana na jambo tunaloliona sokoni. Mwanamke anayepima mahindi hujaza debe mpaka juu, kisha hulitikisa. Punje zilizokuwa zimekaa kombo huteleza, mapengo huzibika, mahindi hushuka, na mnunuzi hufurahi kwa kuwa debe sasa lina nafasi ya kuongezwa. Mtikisiko mdogo huleta mpango bora. Vivyo hivyo utando wa molekuli juu ya dhahabu ukipashwa joto la kiasi, lisilofikia lile la maji yanayochemka, molekuli zilizokaa vibaya hupata nafasi ya kusogea, vipande vidogo vidogo vyenye mpango huungana vikawa vikubwa, na kasoro hupungua. Walakini mtu akilitikisa debe kwa nguvu za kichaa punje huruka nje. Joto likizidishwa, mikia ya molekuli hujipinda na kuvurugika, na likizidishwa tena, salfa huiachilia dhahabu na utando huondoka wote. Joto lile lile hutengeneza na kubomoa. Kiasi chake ndicho kinachoamua.

Pasi yangu ya makaa haikuwa na kiasi.

Wako viumbe ambao kwao habari hii ni ya kufa na kupona. Mdudu ana mwili mdogo, na maji yake ni machache. Lau ngozi yake ingekuwa kama kitambaa angekauka kwa muda mfupi. Kinachomwokoa ni utando mwembamba wa nta na mafuta juu ya gamba lake. Mwaka 1935 J. A. Ramsay alipima maji yanayompotea mende, akaona kwamba hewa inapopata joto la kiasi cha nyuzi 30 upotevu huo huongezeka kwa kishindo, kana kwamba mlango umefunguliwa. V. B. Wigglesworth alifuata jambo hilo katika wadudu wengi, na mwaka 1945 alieleza kwamba kila aina ina joto lake ambalo likivukwa utando huacha kuzuia maji: kwa wengine ni chini, kama mende, na kwa wengine hupita nyuzi 50. Alifikiri kwamba molekuli za nta, zilizokuwa zimejipanga karibu karibu, huvurugika hapo na kuacha mapengo. Waliokuja baada yake walibishana kama badiliko hilo ni la ghafla au la polepole, na mabishano kama hayo ni afya ya sayansi. Lakini mende hangoji mabishano yaishe. Mchana wa joto hujificha chini ya jiwe au nyuma ya kabati, na usiku hutoka. Nilipokuwa mtoto nilidhani anatukimbia sisi.

Sasa kila mwaka huwaletea wanafunzi wangu majani ya jimbi. Huyaleta yamefungwa katika kitambaa kibichi, mashina yake yakiwa ndani ya maji, na kama yamenyauka pembeni huyaacha yanyauke. Tunamwaga maji, tone linakimbia, wanafunzi wanapiga kelele. Kisha hubabua nusu ya jani juu ya jiko la makaa na kuwaachia tone lisimame mpakani. Huwauliza swali nililoulizwa mimi: moto umeondoa nini? Karibu wote husema umeunguza nta, na mimi huwauliza kama wamenusa moshi. Naungama kwamba nafurahia jibu lao lisilo sahihi kuliko inavyonipasa.

Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha kwanza hakutosheka. Aliniuliza kama nta iliyolala yaweza kusimama tena. Nilimjibu kwamba katika jani lililokatwa haiwezi, lakini katika mimea mingi jani changa lililo hai, nta yake ikifutwa, huweza kutoa nyingine kutoka ndani nayo ikajipanga upya. Akauliza, "Na jimbi je, Mwalimu?" Sikumpa neno. Tulishuka naye pamoja na wenzake mpaka kwenye bwawa la shule, tukatafuta jani lililokuwa ndiyo kwanza linafunguka, tukalifuta upande mmoja kwa pamba laini bila ya kulikata, tukalifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Maji yalishika pale tulipofuta. Aliandika tarehe katika daftari lake.

Jana baada ya masomo nilimwona akishuka tena bwawani na kijiko mkononi.